Mama anayefua usiku wa manane: kuisoma meth katika nyumba yenye mtoto

Kwenye faili la afisa ustawi wa jamii, Jumanne iliandikwa hivi: "Mama amenipokea vizuri. Nyumba safi, nguo zote zimefuliwa na kuanikwa. Amenipa chai. Ana mpango wa kuanza kuuza vitumbua. Anaendelea vizuri." Ijumaa, mwandiko uleule: "Nimepiga hodi mara nne. Mlango umefunguliwa na mtoto, miaka minne. Mama amelala, ameitwa hajaitika. Mtoto anasema alikula jana kwa mama Shufaa. Jikoni kuna sufuria yenye maji na unga mbichi."

Familia hii nimeiunga kutoka nyumba kadhaa, kwa hiyo hakuna haja ya kutafuta ni mtaa gani. Ila faili lenye Jumanne nzuri na Ijumaa ya kutisha ni la kweli, na nadhani maafisa ustawi wa jamii kadhaa wanalo kabatini bila kujua linasema nini. Afisa aliyeandika maneno yale alidhani mama amebadilika ndani ya siku tatu. Hakubadilika. Alikuwa kwenye safari ileile. Jumanne afisa alimkuta njiani, Ijumaa akamkuta kituo cha mwisho.

Dawa iliyokuwa ikimsafirisha ni methamfetamini, ambayo wengi wanaiita meth kwa kifupi.

Macho yaliyozoea unga

Sisi wa Afrika Mashariki uraibu tulifundishwa na heroini. Teja tunamjua kwa mbali: amesimama kando ya barabara anasinzia, magoti yamelegea, anainama mpaka unasema sasa anaanguka, na haanguki. Mboni zake zimekuwa ndogo kama tundu la sindano. Akikosa dozi anashikwa na arosto, makamasi yanamtoka, anapiga miayo, tumbo linamkata, viungo vinamuuma. Hakuna anayehitaji semina kuliona hilo. Kondakta wa daladala analiona.

Kwa meth, karibu kila alama inageuka kinyume. Mboni zinapanuka, na zinabaki hivyo hata mtu akitazama juani. Halali usingizi. Hali chakula. Anatoka jasho ndani ya chumba chenye baridi, anasaga meno, anaongea haraka na kurukia jambo jingine kabla la kwanza halijaisha. Moyo unamwenda mbio. Anaweza kufua nguo za nyumba nzima saa nane za usiku, au kukaa sakafuni anapanga na kupangua vyombo vilevile kwa saa tatu. Majirani wanasema, "Siku hizi amechangamka." Afisa aliyekuja akitafuta mtu anayesinzia anamkuta mtu mchangamfu, anafurahi, anaandika "anaendelea vizuri."

Aliyewahi kukesha na wala mirungi anaujua mwanzo wa hali hii: maneno mengi, mipango mikubwa, usingizi hauji. Si bahati mbaya kwamba vinafanana. Kathinoni, kiini cha mirungi mibichi, iko kwenye ukoo mmoja na amfetamini. Tofauti ni nguvu na muda. Stimu ya mirungi inapungua baada ya saa chache na mtu anakwenda zake nyumbani. Meth inabaki mwilini muda mrefu mno: kokeini nusu yake inaondoka kwa takriban saa moja, meth inachukua saa 10 hadi 12. Mtu akivuta asubuhi, usiku bado iko naye.

Kazi ya dawa hii tangu mwanzo imekuwa kumweka mtu macho. Mjapani Nagai Nagayoshi aliitengeneza mwaka 1893 kutokana na efedrini, kemikali inayotumika pia kwenye dawa za mafua, na mwaka 1919 mwenzake Akira Ogata akaipata katika umbo la chembe za kung'aa. Ujerumani iliiuza madukani kuanzia 1938 kwa jina la Pervitin, na askari wakaimeza ili watembee usiku kucha. Mtumiaji wa leo, mwenye kijibomba cha kioo mkononi, anapata kilekile walichopata askari wale, pamoja na deni lake.

Deni linakuja hivi. Ubongo hutoa dopamini, kemikali inayotupa hisia ya raha, kidogo kidogo, kwa mfano tunapokula tukiwa na njaa au tunapomwona mtoto akicheka. Meth inaikamua ghala nzima kwa mkupuo mmoja, kisha inaziba njia ya dopamini kurudi ilikotoka. Raha inakuwa kubwa kuliko kitu chochote ambacho maisha ya kawaida yanaweza kutoa. Halafu ghala linabaki tupu. Mtu anavuta tena kuifukuzia ile raha ya kwanza, haifikii, anavuta tena. Siku mbili. Siku tatu. Wengine zaidi.

Mwisho wa mkesha ndio wakati mbaya kuliko yote kwa mtu anayebisha hodi. Dawa haimpi raha tena, usingizi nao bado haujakubali. Anasikia watu wakimsema nje ya dirisha. Anahisi wadudu wanatembea chini ya ngozi na anajikuna mpaka anatoka vidonda. Kila sura mpya ni ya polisi. Baada ya hapo mwili unajizima wenyewe, na analala siku nzima, mbili, pengine tatu, usingizi ambao hata mtoto akimvuta nywele haamki. Akiamka anakula kama mtu aliyetoka jela, kisha zinakuja wiki za huzuni nzito na kiu ya dawa.

Kwa hiyo swali la "anatumia au hatumii?" ni dogo mno kwa kazi yetu. Kipimo cha mkojo kitakuambia kama ametumia ndani ya siku mbili hadi nne hivi zilizopita, basi. Kinachomlinda mtoto ni kujua mzazi yuko wapi kwenye mzunguko leo, na nani anashika zamu anapofika kwenye usingizi.

Mtoto anakuwa wapi wakati huo?

Wakati wa stimu mzazi yuko macho, lakini macho yake yamenasa kwenye kitu kimoja. Amefungua redio anaitengeneza, mtoto analia uani, hasikii. Kwenye hofu ya mwisho, mtoto anaweza kufungiwa ndani "ili wasimchukue", au kupigwa kwa sababu ametazama vibaya. Tukisikia meth, vichwa vyetu vinakimbilia kwenye kipigo, na kipigo kipo. Kwa maoni yangu, hata hivyo, usingizi ndio usiohesabiwa. Mtu mzima amezima kwa saa 30. Jiko la mkaa lipo, ndoo ya maji ipo, mlango haujafungwa, na kuna mtoto wa miaka minne anayejua kwamba uji unapikwa kwa maji na unga. Ile sufuria ya Ijumaa haikuwa mchezo. Yule mtoto alikuwa anapika.

Ndiyo maana maswali yenye faida kwa mzazi ni ya saa na majina. Mara ya mwisho ulilala lini? Ukilala sana, nani anampa mtoto chakula? Mara ya mwisho ulipolala hivyo, mtoto alikuwa kwa nani? Baba naye aulizwe hivyohivyo. Tuna tabia ya kumhoji mama saa nzima na kumsalimia baba tu. Mtoto hahojiwi kuhusu dawa. Anaulizwa jana usiku alikula nini, nani alipika, alilala wapi, na akiogopa usiku anamwendea nani. Jibu la "kwa mama Shufaa" linabeba habari nyingi kuliko kipimo cha maabara.

Kuna hatari nyingine ya kimyakimya. Meth ya chembe inafanana na chumvi ya mawe, vipande vya kioo, au ile shabu ambayo mabibi wa pwani wanatumbukizia kwenye maji ili yatulie. Na kwa wasomaji walioko Oman na Kuwait, mnajua kwamba huko jina la mitaani la meth ni hilohilo, shabu. Mtoto anayetambaa hajui tofauti, anaokota na kuweka mdomoni. Akimeza hatulii, analia bila kunyamazishika, moyo unakimbia, anatapika, joto linapanda, anaweza kupata degedege. Huko Arizona, Marekani, ambako nge wenye sumu wako kila mahali, madaktari waliandika mwaka 1998 kuhusu mtoto mchanga aliyedhaniwa ameumwa na nge kumbe ni meth. Kwetu nafasi ya nge itachukuliwa na malaria. Mtoto mwenye joto na degedege anakimbizwa kupimwa malaria, na ni sahihi apimwe, lakini kama wewe afisa ulikiona kijibomba cha kioo mezani, mwambie daktari palepale. Usingoje uandike ripoti.

Kuhusu mtoto aliye tumboni, hapa panahitaji utulivu kwa sababu maneno makali yameumiza watoto. Yanayojulikana ni haya: mama akitumia meth akiwa mjamzito, mtoto ana uwezekano mkubwa zaidi wa kuzaliwa mdogo au kabla ya wakati. Wiki za kwanza anaweza kuwa mzito wa usingizi na mvivu wa kunyonya, tofauti na mtoto wa heroini anayetetemeka na kulia kwa arosto ya kuzaliwa nayo. Dawa inapita pia kwenye maziwa ya mama. Lakini mwaka 2005, magazeti ya Marekani yalipokuwa yanawaita "watoto wa meth" kana kwamba ni taifa la peke yao, madaktari na watafiti zaidi ya 90 waliandika barua ya wazi wakiomba jina hilo liachwe, kwa kuwa hakuna ugonjwa uliothibitishwa wa namna hiyo. Utafiti wa IDEAL, uliofuatilia watoto wa Marekani na baadaye New Zealand kwa miaka kadhaa, ulikuta matatizo fulani ya tabia, ya kiwango cha wastani, na ukaonyesha kwamba hali ya nyumba anayokulia mtoto ina uzito mkubwa. Ukimwandika mtoto wa siku tatu kwamba ameharibika, umemharibia shule na ndugu wa kumlea kabla hajafumbua macho vizuri.

Maabara ya jikoni, na jahazi

Mafunzo mengi ya kuwalinda watoto dhidi ya meth yaliandikwa Marekani miaka ya 1990 na 2000, na ukiyasoma leo ukiwa Tanga au Kisumu utatoka ukidhani kila nyumba ya mtumiaji ni kiwanda. Huko ilikuwa kweli. Watu walipika meth jikoni na kwenye mabafu kwa kutumia vidonge vya mafua, na mwaka 2004 polisi walihesabu matukio ya maabara kama hizo zaidi ya 20,000. Watoto walitolewa humo wakavuliwa nguo na kuogeshwa, na midoli yao ikaachwa ndani kwa sababu ilikuwa imenywa sumu. Kisha sheria iliyoanza kazi mwaka 2006 ikahamishia vidonge hivyo nyuma ya kaunta, maabara za nyumbani zikapungua sana, na uzalishaji ukahamia Mexico.

Kwetu njia ni nyingine. Sehemu kubwa ya meth inayokamatwa Bahari ya Hindi inatoka Afghanistan, ambako watu waligundua kwamba efedrini wanaweza kuikamua kutoka kwenye kichaka cha mlimani badala ya kununua vidonge. Inashuka hadi pwani ya Makran, huko Iran na Pakistan, inapakiwa kwenye majahazi pamoja na heroini, inafuata njia ambazo mababu walizifuata na tende na kaskazi. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya kilo 3,000 za heroini na meth Dar es Salaam na Iringa. Oktoba 2025 jahazi lililokamatwa na kupelekwa Mombasa lilikuwa na zaidi ya tani moja ya meth. Mzigo wa ukubwa huo ukipita, baadhi hudondoka njiani. Hivyo ndivyo heroini ilivyotufikia: tulikuwa njia kabla ya kuwa soko.

Maana yake kwa afisa ni kwamba hatari anayoiingilia nyumbani mara nyingi ni mtu na usingizi wake, si mitungi ya kemikali. Hata hivyo mwaka 2024 polisi wa Kenya walivamia maabara ya meth karibu na Namanga, kwa hiyo usiseme kwetu haipo. Ukifika mahali harufu kali ya amonia au ya kiyeyusho cha rangi inakuwasha macho, madirisha yamezibwa, kuna mipira na chupa zilizounganishwa na madoa ya ajabu, usiulize kitu. Usiwashe wala kuzima taa, usifungue chupa, usinuse. Mtoke, wewe na uliokuja nao, na mtoto kama yuko karibu na mkono wako, kisha upige polisi simu ukiwa mbali.

Kwenye nyumba ya kawaida ya mtumiaji, tahadhari ni za kawaida pia. Kugusa meza hakukulevyi. Moshi unaacha mabaki ukutani na kwenye mapazia, na unywele wa mtoto unaweza kuonyesha kwamba ameishi nayo, jambo linalothibitisha kukutana nayo na halithibitishi peke yake kiasi cha madhara. Usiokote kijibomba cha kioo wala sindano. Vaa viatu vilivyofunika vidole, hata kama ni Temeke na ni Januari.

Hodi

Hodi ni chombo cha usalama tulichorithi bure, na tunakitumia vibaya kwa kukifanya haraka. Piga hodi, rudi nyuma hatua mbili, simama kando ya mlango. Sikiliza. Watu wanahamisha vitu? Kuna anayenong'ona? Jibu la "Nani? Nani amekutuma?" linalorudiwa mara tatu, huku umeshataja jina lako, limeshakupa nusu ya ripoti. Hodi tatu bila jibu ni ruhusa ya kuondoka, isipokuwa unamsikia mtoto. Hapo unaita msaada, huvunji mlango peke yako.

Usiende peke yako. Najua bajeti za ofisi zetu, najua mara nyingine mafuta hayapo na mnachangia bodaboda mmoja. Basi angalau mtu ofisini ajue nyumba gani na saa ngapi utampigia, na bodaboda akusubiri ameelekeza pikipiki barabarani. Desturi ni kwenda na mjumbe au mwenyekiti wa mtaa, na kwa kesi nyingi ni jambo jema. Kwa mtu aliyekesha siku tatu akiamini mtaa mzima unamwinda, kuona afisa na mwenyekiti wamesimama mlangoni kunathibitisha kila kitu. Mwenyekiti na asubiri dukani, mahali anaposikia ukimwita. Na mjumbe anayejua siri ya nyumba kabla ya jioni, kesho yake kila mtu kisimani anaijua.

Ukiwa ndani usikae kati ya mtu na mlango wake, wala usikubali akae kati yako na wako. Mikono yako aione. Punguza sauti mpaka yeye naye apunguze, ongea taratibu, sentensi fupi, swali moja moja. Muite kwa heshima anayoijua, mama Zawadi, kaka, shemeji kama mtaa umeshakuzoea hivyo. Usilisome jina lake kamili kwenye faili kama karani wa mahakama. Akikuambia kuna watu juu ya bati, usibishane naye na usimkubalie. "Mimi siwaoni, lakini naona unaogopa. Umelala lini?" inatosha. Ukiona anazungukazunguka, anatazama dirishani kila dakika, ngumi zinafunga na kufunguka, siku hiyo hakuna mazungumzo ya malezi. Aga kwa adabu, toka kwa mwendo wa kawaida, fanya mpango wa mtoto ukiwa nje. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa ajili ya siku kama hiyo. Simu ya watoto ni 116, Tanzania na Kenya, na kwa dawa za kulevya Tanzania ni 119, Kenya 1192.

Mtu mwenye meth anayelalamika kifua kinambana, mwili unachemka, amechanganyikiwa au ameanza degedege ni mgonjwa wa dharura. Apelekwe hospitali, apoozwe njiani.

Akisema ameacha

Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilianza mwaka 2011, na tangu hapo tumezoea kusikia "yuko kliniki" na kupumua. Methadoni inatibu uraibu wa heroini na jamaa zake. Kwa meth haifanyi kitu. Mzazi anaweza kunywa dozi yake kila asubuhi mbele ya muuguzi bila kukosa, na usiku akavuta meth, na daftari la kliniki likabaki safi. Kwa meth hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Kilichoonyesha matokeo mazuri zaidi ni ushauri nasaha pamoja na mpango wa kumpa mtu zawadi ndogo kila kipimo chake kinapokuwa safi, mpango ambao wakubwa wanauonea haya kwa sababu unasikika kama kumlipa mtu ili aache.

Ubongo nao una ratiba yake. Mtafiti wa ubongo wa Marekani, Nora Volkow, na wenzake walichapisha mwaka 2001 picha za ubongo wa watu walioacha meth: baada ya mwaka mmoja na zaidi bila dawa, sehemu zinazosafirisha dopamini zilikuwa zimerudi kwa kiasi kikubwa, lakini kumbukumbu na wepesi wa mwili havikurudi kwa kasi hiyo. Mama wa wiki ya tatu anayesahau miadi, anayekaa mbele yako bila furaha hata mtoto akimletea ua, huyo hakudharau. Kumwandikia "hana ushirikiano" ni kuandika dalili kana kwamba ni tabia. Mpe karatasi yenye saa kubwa, mpigie asubuhi ya siku yenyewe.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 na ya Kenya ya mwaka 2022 zote zinaweka maslahi ya mtoto mbele, na mara nyingine maslahi hayo yanamtaka aondoke leo. Mara nyingi zaidi yanamtaka mtu mmoja mzima, bibi, shangazi, mama Shufaa, aliyekubaliana na mzazi akiwa na akili zake kwamba nguo zikianza kufuliwa saa nane za usiku, anakuja kumchukua mtoto bila ugomvi wala maswali, na anamrudisha mama akiamka na kula.

Faili la Jumanne lingeweza kusomeka hivi: "Saa 4 asubuhi. Mama macho, anaongea haraka, mboni pana, jasho. Kwa maelezo yake hajalala tangu Jumapili. Nyumba safi, amefua usiku. Mtoto amekula kwa jirani, mama Shufaa, ambaye nimeongea naye. Mama amekubali bibi amchukue mtoto kesho jioni. Nimempigia bibi, atapanda gari la saa 9. Narudi Ijumaa, na sitarajii mama afungue mlango."